Uzito Unakwenda Wapi? Utangulizi wa Elimu ya Ubebaji Mizigo Shambani

Elimu ninayokuitia haina idara yake yenyewe katika vyuo vyetu. Kipande chake kiko kwa wahandisi wa kilimo, kipande kwa wanaanthropolojia, kipande kwa madaktari wa mifugo, na kipande kikubwa kabisa kiko kwa mafundi wa chuma na kina mama ambao ni watafiti wachache tu waliowahi kuwasikiliza. Inahusu namna vitu vizito vinavyotolewa hapa na kupelekwa pale katika boma, shamba na malisho, pamoja na vyombo ambavyo watu huvibuni au huvigeuza ili kazi hiyo iwezekane. Nimechagua kukuingiza kwa mlango mwembamba: uma mbili za chuma zinazofungwa kwenye trekta. Zilibuniwa kunyanyua paleti, yaani jukwaa la kupangia mizigo, ghalani. Mimi nataka tuziangalie zikiwa Isiolo, ambako paleti ni nadra kuonekana nje ya ghala lakini vitu vya kunyanyua havikosekani.

Isiolo inafaa kwa somo hili kwa sababu namna nyingi za kubeba hukutana pale barabarani. Ukiteremka kutoka Timau unaacha nyuma mashamba makubwa ya ngano na maua, ambako trekta yenye mikono ya mbele ni kitu cha kawaida, na muda si mrefu unaingia mjini, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, nchi ya migunga na vumbi. Malori yanayoelekea Marsabit na Moyale hupita palepale anapopita punda wa mkokoteni, bodaboda iliyofungwa mitungi ya maji na mwanamke mwenye mzigo wa kuni mgongoni. Trekta zipo pia, hasa upande wa mashamba ya umwagiliaji ya Burat, Ngare Mara na Kinna. Nyingi hulima msimu ukifika, kisha huegeshwa chini ya mti. Injini yenye nguvu ya farasi 60 au 70 inakaa kimya miezi mingi huku mizigo ya boma lilelile ikiendelea kubebwa kwa mgongo na kichwa. Pengo hilo ndilo lililonifanya niandike kitabu hiki.

Kabla ya chuma, tuanze na ngamia. Mwaka 1995 mwanahistoria wa usanifu majengo Labelle Prussin alitoa kitabu juu ya nyumba za wahamaji wa Afrika, na ndani yake wamo Warendile na Wagabra, majirani wa Isiolo upande wa kaskazini. Alionyesha kwamba miti iliyopindwa inayoshikilia nyumba ndiyo hiyohiyo inayokuwa fremu juu ya mgongo wa ngamia siku ya kuhama, na kwamba wanaojenga, wanaobomoa na wanaopakia ni wanawake. Nyumba ikilala chini ni makao, ikisimama juu ya ngamia ni tandiko. Nakuomba ushike jambo hilo kila utakapomwona fundi akigeuza uma za trekta kuwa kreni ndogo au jukwaa la tangi. Akili ya kukipa chombo cha kubebea kazi ya pili na ya tatu ina mizizi mirefu kaskazini mwa Kenya. Anayedhani imekuja na trekta ameanza kusoma katikati ya ukurasa.

Uma zenyewe zina historia fupi. Magari ya kunyanyulia mizigo yalianza kutumika viwandani Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na paleti ikaenea wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilipohitaji kuhamisha shehena kubwa kwa haraka. Ulaya ilikubaliana juu ya paleti ya sentimita 80 kwa 120 mwaka 1961. Upande wa trekta, Harry Ferguson wa Ireland alipata hataza mwaka 1926 ya mfumo wa kuning'iniza plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa na haidroliki, na mwaka 1939 mfumo huo ukaingia katika trekta alizotengeneza pamoja na Henry Ford. Mikono hiyo mitatu ndiyo unayoiona leo nyuma ya kila Massey Ferguson nyekundu inayolima Kinna. Kwa hiyo mwenye trekta ya kulimia tayari anayo mashine ya kunyanyulia. Anachokosa ni kitu cha kushikia mzigo.

Sasa tufike kwenye kanuni ambayo kitabu kizima kimesimama juu yake. Uma haziondoi uzito. Zinauhamisha. Gunia likitoka begani mwa mtu, kilo zake zinakwenda mahali pengine, na kazi ya mwanafunzi wa elimu hii ni kuzifuata hadi zinapotua.

Chukua trekta ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita mbili. Ifunge uma mbele, uziwekee mzigo wa kilo 600 ambao kitovu chake kiko mita moja na nusu mbele ya ekseli ya mbele. Wengi hudhani ekseli hiyo imeongezewa kilo 600. Sivyo. Imeongezewa kilo 1,050, na magurudumu ya nyuma yamepunguziwa 450, maana trekta yote imegeuka kuwa mtaimbo unaoegemea magurudumu ya mbele. Katika trekta nyingi za zamani breki ziko nyuma tu. Dereva anayeteremka kuelekea lagani, yaani kwenye mto wa msimu, akiwa na mzigo huo anakanyaga breki za magurudumu ambayo hayashiki tena ardhi vizuri. Dawa yake inajulikana: ning'iniza uzito nyuma. Kilo 300 zikiwekwa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma zinarudisha zile 450 zote na kuipunguzia ekseli ya mbele 150. Pipa la lita 200 likijazwa zege kupita nusu kidogo linatosha, na fundi yeyote mjini anaweza kulichomelea pini za kushikia mikono ya nyuma.

Ukizifunga uma nyuma badala ya mbele, hesabu ni ileile ikigeuzwa. Mzigo uleule, ukiwa mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma, unaipa ekseli hiyo kilo 1,050 na kuinyang'anya ya mbele 450. Usukani unakuwa mwepesi, na pua ya trekta inaweza kuinuka kabisa kwenye mwinuko. Lakini ekseli ya nyuma na magurudumu yake makubwa yalitengenezwa kuvumilia mambo hayo, wakati ekseli ya mbele ya trekta ndogo haikutengenezwa hivyo, na tairi za mbele, ambazo miiba ya mgunga inazitafuna kila siku, ndizo za kwanza kulalamika. Kwa trekta nyingi za Isiolo mimi hupendekeza uma za nyuma zianze, hata kama haziinui mzigo juu zaidi ya kiuno cha mtu. Kimo si hitaji la kwanza. Hitaji la kwanza ni kuutoa mzigo chini na kuusogeza mita 300.

Tuje kwenye kazi zenyewe. Nyingine nitazipitia haraka kwa sababu hazina fumbo: kubeba nguzo za ua, kutoa geti kwenye bawaba zake, kuhamisha birika la zege la kunyweshea mbuzi, kuinua injini ya pampu iliyoharibika na kuipandisha kwenye pikapu. Marobota ya nyasi yanastahili neno moja zaidi. Robota moja lina kilo 15 hivi, na mtoto anaweza kuliburuta, hivyo faida kubwa ya paleti hapa haiko kwenye kunyanyua. Iko kwenye kuyaacha marobota yamekaa juu ya paleti ghalani, hewa ikipita chini yake, mbali na mchwa na unyevu wa sakafu. Mfugaji aliyenunua nyasi kwa bei ya kiangazi anajua safu ya chini ikiliwa na mchwa amepoteza nini.

Maji yanataka uangalifu. Lita moja ni kilo moja, na hakuna ujanja unaobadilisha hilo. Kuna yale matangi ya plastiki ya lita 1,000 yaliyo ndani ya kizimba cha chuma, ambayo tayari yamekaa juu ya paleti yao na kwa hiyo yanaonekana kama yameumbwa kwa ajili ya uma. Tupu, tangi hilo lina kilo 60 hivi. Likijaa linapita tani, na trekta ndogo hailiwezi. Likiwa nusu ni baya zaidi kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu maji hukimbilia upande mmoja kila trekta inapoyumba. Matumizi yenye akili ni kulinyanyua likiwa tupu, kulikalisha juu ya jukwaa imara la mita moja au moja na nusu, kisha kulijaza kwa pampu. Kila mita ya kimo inakupa takriban bar 0.1 ya msukumo, na hiyo inatosha kuendesha mipira ya umwagiliaji wa matone katika bustani ya sukuma wiki na vitunguu. Shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, KARI, lilikuwa likieneza matone ya ndoo iliyoinuliwa mita moja hivi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo fizikia yake si ngeni kwetu. Ila uliza kwanza tangi lilibeba nini kabla ya kuuzwa. Lililobeba kemikali lisiguse maji ya kunywa wala ya mboga, hata lioshwe vipi.

Mawe ni mtego mwingine. Laga za Isiolo hula kingo zake kila mvua kubwa inapokuja, na mtu akiona uma hufikiria moja kwa moja masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Sanduku la mita moja kila upande likijaa hupita tani moja na nusu. Basi ubebe mawe kidogo kidogo kwenye paleti yenye kuta, na sanduku lijazwe likiwa mahali pake.

Kazi inayonivutia kuliko hizo ni ya matawi ya miiba. Katika malisho yaliyochoka ya Isiolo na Samburu, mti uitwao kisayansi Acacia reficiens umefunika nchi, na chini yake udongo umebaki mtupu, mgumu, maji yakiteleza juu yake. Hifadhi za jamii zimekuwa zikiukata na kuyalaza matawi juu ya udongo ulio wazi. Miiba inawazuia mbuzi, inanasa mbegu na majani makavu, inatia kivuli, na nyasi zinapata nafasi ya kushika. Aliyewahi kuburuta tawi la mgunga kwa mkono anajua kwa nini kazi hiyo huenda polepole. Uma zikifunguliwa upana wake wote hupenya chini ya rundo bila kulichoma, mnyororo unapitishwa juu, na rundo zima linasafiri likiwa sentimita 30 kutoka ardhini. Hapa uma zinafanya kazi ya kurudisha malisho, na sijaona kitabu cha mtengenezaji kinachoitaja.

Halafu kuna ng'ombe aliyelala. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na kaskazini mwa Kenya mifugo ilikufa kwa wingi. Kabla ya kufa, ng'ombe dhaifu hulala usiku na asubuhi hawezi kuamka. Wafugaji huamka mapema kwenda kuwainua: mmoja anashika mkia, wengine wanapitisha mti chini ya kifua, wanahesabu, wanavuta. Mnyama wa kilo 250 anahitaji watu wanne au watano, na mfugaji mwenye kumi waliolala na vijana wawili nyumbani lazima achague nani aachwe. Anayeachwa ana tatizo la pili juu ya njaa. Uzito wake mwenyewe unaibana misuli ya upande aliolalia, damu haipiti, na baada ya saa chache misuli hiyo huanza kufa. Anaweza kuletewa nyasi na maji yote ya dunia na bado asisimame tena.

Uma zinaweza kusaidia hapa, lakini kwa adabu. Mikanda miwili mipana, kama ile ya kufungia mizigo ya lori iliyoshonewa magunia yaliyokunjwa, inapitishwa mmoja nyuma ya miguu ya mbele chini ya kifua, mwingine mbele ya kiwele. Kamba nyembamba haifai, inakata. Trekta inasogezwa polepole, uma zikiwa juu ya mgongo wa mnyama, kwa hiyo hii ni kazi ya mikono ya mbele. Za nyuma hazifiki. Anainuliwa hadi kwato zishike ardhi, halafu dereva anasimama. Asining'inizwe hewani. Shabaha ni kumwacha abebe uzito wake kadiri anavyoweza huku mtu akimsugua miguu, na baada ya dakika chache anashushwa kwa upande mwingine, si ule aliolalia usiku. Daktari wa mifugo akiwepo, yeye ndiye mkubwa wa shughuli. Na ng'ombe asiyejaribu kabisa kusimama baada ya kuinuliwa mara kadhaa asiteswe zaidi.

Nimesema uma hizi zinahitaji fundi, na hapa lazima niseme kwa ukali kidogo. Mafundi wa Isiolo wanaweza kutengeneza karibu kila kitu: milango, krashi za kuogeshea ng'ombe, fremu za sola, bodi za lori. Fremu ya kubebea uma wanaiweza vizuri kabisa. Lakini uma yenyewe ni chuma kilichopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu ili kisipinde wala kisikatike, na moto wa kuchomelea karibu na kiwiko chake unaufuta utaratibu huo. Chuma cha springi za lori nacho, ambacho vijana hukipenda kwa ugumu wake, hupasuka kando ya mahali kilipochomelewa, na hupasuka ghafla. Kwa hiyo nunua uma zilizotoka kwenye mashine kuukuu ya ghalani, uzitundike kwenye fremu ya fundi, na upime unene wa kiwiko. Uma ya milimita 40 iliyolika hadi 36 imepoteza sehemu moja kwa kumi ya unene, lakini kwa kuwa nguvu ya kupinda hufuata mraba wa unene, imepoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu yake. Itupwe. Na mtu yeyote asipande juu ya paleti iliyoinuliwa na trekta, hata kwa kazi ya kufunga balbu moja.

Wanazuoni walionitangulia hawakuandika juu ya uma, ila bila wao nisingejua cha kuuliza. Kenneth King alianza kuwafuata mafundi wa Kenya katika miaka ya 1970, akatoa kitabu kimoja mwaka 1977 na kingine juu ya jua kali, yaani mafundi wa sekta isiyo rasmi, mwaka 1996, akitufundisha kumtazama fundi kama mtu anayejifunza na kubuni kwa miaka mingi. David Edgerton, katika kitabu chake cha 2006, alishikilia kwamba historia ya teknolojia imewatukuza wavumbuzi ikawasahau watumiaji na warekebishaji. Joshua Grace alionyesha mwaka 2021 jinsi Watanzania walivyolifanya gari kuwa lao kupitia gereji na barabara. Ninaowarudia mara nyingi zaidi ni watafiti wa Shirika la Kazi Duniani waliokwenda Makete, kusini mwa Tanzania, miaka ya 1980. Serikali na wafadhili walikuwa wakifikiria barabara. Watafiti walihesabu safari za kaya, wakakuta nyingi hazifiki barabarani kamwe. Ni za kisimani, za kuni, za shambani na za kinuni, kwa miguu, na sehemu kubwa ya mzigo iko kichwani mwa wanawake. Mradi uliofuata ukatengeneza njia za miguu na kuhimiza punda.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na takwimu zetu nyingi zimeandikwa na watu walioona usufi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia la mahindi ambalo wapakiaji wetu wamelizoea lina kilo 90. Punda naye hayuko salama. Machinjio yaliyofunguliwa Kenya kuanzia 2016 kwa ajili ya soko la ngozi nje ya nchi yaliwapunguza kiasi kwamba Februari 2020 serikali ilitangaza kuyazuia, na waliokuwa wameibiwa punda wao walirudi kubeba maji wenyewe.

Trekta ingeweza kuupokea mzigo huo, na hapo ndipo swali gumu la elimu hii lilipo, na sitaki ulikwepe. Trekta ya kukodi hulipwa kwa ekari. Kunyanyua hakuna ekari. Nani atalipa trekta ije dakika 20 kuinua ng'ombe watatu, au kubeba rundo la miiba? Mwenye trekta alipwe kwa saa, kwa safari, au kwa mzigo? Mwenye fedha ya kukodi katika maboma mengi ni mwanamume, na mwenye mzigo ni mkewe au binti yake. Uma zikinunuliwa zitabeba kwanza mizigo ambayo tayari ina thamani ya shilingi, yaani marobota, mbolea na mashine, na maji ya nyumbani yatabaki palepale yalipokuwa. Yapo makundi ya wanawake yanayoweka akiba pamoja, na vyama vya umwagiliaji vyenye trekta ya pamoja. Mimi ningeanzia huko, kwa ratiba iliyoandikwa inayoonyesha saa za kunyanyua kando na saa za kulima.

Sura ya kwanza inahitaji vitu vitatu: mizani ya kuning'iniza, utepe wa kupimia na daftari. Chagua boma moja, omba ruhusa kwa wenyewe, mama wa boma akiwemo, na kwa juma moja andika kila kitu kinachozidi kilo kumi kinachohamishwa: uzito wake, umbali, kimo kilichoinuliwa, na nani aliyekibeba. Usipendekeze chombo chochote kabla juma hilo halijaisha.